Dawa haiendi ndani ya valizi, na haifichwi

Zamu ya kuandika wiki hii ni yangu, na nimechagua jambo ambalo watu wengi wanaliona dogo: dawa ndani ya ndege.

Si mnajua vile inakuwa jina likitoka kwenye orodha. Nyumba nzima inaanza kufunga mizigo. Kitenge kipya, sombe kavu, samaki wakavu, picha za marehemu, sufuria ambayo mama hataki kuiacha. Majirani wanakuja na ushauri: vaa koti zito, usile sana, meza kitu tamu ndege ikipanda ili masikio yasiume. Haya yote tunaulizana. Lakini nani anauliza, "Mama, dawa zako za presha umeziweka wapi?" Hakuna. Kumbe koti ukilikosa utapewa lingine. Dawa ukiikosa siku mbili unaweza kuangukia njiani.

Msimamo wangu nausema mapema, asiyependa kusoma marefu aondoke nao: dawa inakaa mkononi, ndani ya pakiti yake, pamoja na karatasi ya munganga, na haifichwi. Na kazi ya kuhakikisha hivyo ni yetu sisi vijana tunaosoma, maana wazee wetu wengi hawawezi kusoma kilichoandikwa kwenye ile chupa.

Nianze na valizi.

Safari ya mkimbizi si ndege moja. Ni basi la usiku, kulala kituoni, ndege ya kwanza, kusubiri saa sita uwanjani, ndege ya pili, na mara nyingi ya tatu. Valizi kubwa unaiacha Entebbe au Nairobi na hutaiona tena mpaka mwisho, kama itafika siku hiyo. Mama mmoja jirani yetu, mwenye presha ya miaka mingi, aliambiwa na mtu mlangoni mwa basi kwamba mkononi ashike mfuko wa karatasi za safari tu. Akatii. Dawa zote zikaenda ndani ya valizi. Yeye alifika, valizi ikabaki nchi ya katikati siku nne. Siku ya tatu kichwa kilimuuma mpaka akaanza kutapika, watoto wakaita gari la wagonjwa katika mji ambao hata jina la mtaa wao walikuwa hawajalishika. Alipona, Mungu ni mwema. Lakini ugonjwa ule ulisababishwa na neno moja la mtu mlangoni.

Kwa mwenye sukari anayejidunga insulini, valizi ni mbaya zaidi. Kule chini mizigo inakokaa, baridi inaweza kuwa kali. Na insulini iliyoganda imekufa. Ikiyeyuka unaiona ni maji yaleyale, rangi ileile, lakini haifanyi kazi tena. Utajidunga kama kawaida na sukari itapanda kama vile hujadunga kitu. Ndiyo maana hata ukiibeba na vipande vya barafu, usiache chupa iguse barafu. Izungushie kitambaa kwanza.

Wengine wanakosea upande wa pili. Wanasema, "Insulini bila friji inaharibika palepale, sasa safari ya siku mbili si bora niiache?" Hapana bana. Chupa ambayo haijafunguliwa inatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Lakini ile unayotumia inaweza kukaa nje kwa wiki kadhaa, kama karatasi yake inavyoeleza. Tena kuna utafiti uliotoka kwetu wakimbizi. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Chuo Kikuu cha Geneva walichukua vipimo vya joto kutoka Dagahaley, moja ya kambi za Dadaab, mahali ambapo nyumba hazina friji. Wakajaribu insulini kwenye joto kama lile, linalopanda mpaka nyuzi 37 mchana na kushuka mpaka 25 usiku, kwa wiki nne. Matokeo yalitoka mwaka 2021: nguvu ya insulini ilibaki karibu sawa na ile iliyokaa kwenye friji. Basi safari ya siku mbili isikutishe. Jua kali na barafu ndivyo vya kuogopa, na jambo la kukosa friji siku mbili umuulize munganga wako kabla hujaamua kuacha dawa.

Sasa, mlango wa ukaguzi. Hapa ndipo uvumi unapozaliwa. "Uwanja wa ndege wanatupa kila maji." Ni kweli nusu. Sheria ya mililita 100 ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua mpango wa kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Lakini dawa haimo katika sheria hiyo. Sirapu ya mtoto, insulini, dawa ya macho, hata ikizidi mililita 100 unaruhusiwa kuwa nayo kwa kiasi cha safari, mradi uitoe mwenyewe na kuionyesha kabla hawajaikuta. Sindano mpya pia zinaruhusiwa zikienda pamoja na dawa yake ya kudunga. Mtu anayenyamaza na sindano chini ya nguo ndiye anayetiliwa shaka. Mtu anayeweka dawa juu ya meza pamoja na karatasi, wanaangalia, wanarudisha, anapita. Hujui Kiingereza? Karatasi inaongea kwa niaba yako.

Na hapo kwenye karatasi ndipo sisi wa kambini tuna tatizo letu wenyewe.

Mnajua dawa tunazipata vipi. Unapanga mstari tangu asubuhi, dirisha linafunguka, unapewa vidonge ndani ya kale kamfuko kadogo ka plastiki, juu wameandika kwa kalamu 1x3 au 2x2. Jina la dawa wakati mwingine lipo, wakati mwingine limefutika kwa jasho la mkono. Jina lako halipo. Kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Mbele ya askari wa forodha wa nchi nyingine, vidonge vyeupe ndani ya plastiki isiyo na jina ni vidonge vyeupe tu. Vinaweza kuwa vya presha, vinaweza kuwa chochote.

Kwa hiyo kila mwenye ugonjwa wa kudumu, jina lake likitoka, aende kliniki aombe vitu viwili. Kwanza, dawa kwenye pakiti au chupa yake yenye lebo, za kutosha wiki kadhaa mbele, maana kule utakakofika kumuona munganga si siku ya kwanza. Kwa Marekani, kawaida wanakubali dawa za matumizi yako mwenyewe zisizozidi za siku 90. Pili, barua fupi ya Kiingereza yenye muhuri, saini na tarehe: jina lako, ugonjwa, jina la dawa, kipimo, mara ngapi kwa siku.

Jina lako liwe lilelile lililo kwenye karatasi za safari. Hapa tunaumia sana. Kwenye kadi ya kliniki unaitwa Mama Furaha, kwenye orodha ya safari una majina matatu ambayo hata wewe unayasoma polepole. Askari hajui kwamba Mama Furaha ni wewe. Lisahihishe kabla.

Na jina la dawa liwe jina lake halisi, lile la kitaalamu, si jina la kampuni tu. Hata hivyo mjue majina mengine yanabadilika ukivuka bahari. Parasetamoli Marekani wanaiita asetaminofeni. Salbutamoli ya pumu wanaiita albuteroli. Glibenklamidi, ambayo wazee wetu wengi wa sukari wanaimeza, kule inaitwa gliburidi. Ni dawa ileile. Mzee asiyejua hili atapewa chupa mpya, atadhani ni dawa ya pili, atameza zote mbili pamoja. Sukari itashuka mpaka azimie. Kwa hiyo usitupe pakiti ya zamani hata ikiisha. Mpelekee munganga mpya aione.

Kuna dawa zinazohitaji uangalifu zaidi. Fenobabitali ya kifafa ni moja. Huku ndiyo inayopewa watu wengi wenye kifafa, lakini iko kwenye orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa. Mtu akisikia neno "inadhibitiwa" anaogopa, anaiacha nyumbani. Hapo ndipo hatari ilipo! Fenobabitali ukiikata ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, mshtuko juu ya mshtuko, na wewe uko juu ya bahari ambapo hakuna hospitali. Dawa ikidhibitiwa maana yake ibebe na barua. Tramadoli nayo, na vidonge vyenye kodeini, watu wanavimeza kwa maumivu ya mgongo kama karanga. Nchi kama Falme za Kiarabu wanataka kibali cha mapema kwa dawa za aina hiyo, na ndege zetu nyingi zinapita Ghuba. Kama munganga hakukuandikia, usiende nazo. Kama alikuandikia, waulize wanaokupangia safari mapema, usisubiri uwe uwanjani.

Na vifurushi vya watu! "Dada, nipelekee tu hii dawa kwa shangazi yangu Ohio." Hapana. Hata kama ni Coartem, hata kama ni majani ya kusaga ya tumbo. Kule anayeulizwa ni aliyebeba. Australia, kwa mfano, ina ukali sana kwa kitu chochote cha mmea. Usipokitaja unaweza kulipishwa faini, na wewe hata dola ya kwanza hujaipata. Shangazi yuko Ohio, hospitali ziko Ohio. Mwambie hivyo kwa heshima.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Yote niliyosema juu ni ya kufundishika kwa nusu saa. Kwa nini basi watu bado wanasafiri wameficha dawa? Ni aibu na woga.

Mwenye virusi vya SIDA anajua vile chupa yake inalia ndani ya mfuko. Kacha, kacha, kacha. Basi zima la watu wa kijiji kimoja mnasafiri pamoja, kila mtu anasikia. Kwa hiyo anavimwaga vidonge ndani ya karatasi, anatupa chupa yenye lebo. Au anaacha kabisa, anasema nitaanza tena nikifika. Wandugu, kuacha-acha dawa hizi ndiyo njia ya kuvipa virusi nafasi ya kuizoea dawa. Chupa ikilia, ijaze kitambaa kuizunguka, iweke ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko. Lebo ibaki. Ukifika ukaguzi na hutaki majirani waone, Marekani unayo haki ya kuomba ukaguliwe faragha, na sehemu nyingine pia unaweza kuomba.

Woga mwingine ni huu: "Wakijua ninaumwa, watafuta safari yangu." Uvumi huu una mizizi, sitawadharau wanaouamini. Marekani kweli ilikuwa na sheria ya kuwazuia wenye virusi vya SIDA wasiingie, na mkimbizi alihitaji kibali maalumu. Sheria hiyo iliondolewa Januari 2010. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni kijana, na sisi bado tunatishana nayo mstari wa maji. Kanada, tangu sheria yake ya uhamiaji ianze kutumika mwaka 2002, haimkatai mkimbizi anayepewa makazi kwa sababu tu matibabu yake yatakuwa na gharama kubwa. Na TB? Mwenye TB inayoambukiza husubiri. Anatibiwa, kwa kawaida miezi 6, akimaliza anaendelea na safari. Kusubiri kunauma, najua, hasa familia ikiwa tayari imeuza mbuzi na mabati. Lakini anayeficha TB anawakoholea watoto wake mwenyewe ndani ya ndege.

Presha, sukari, pumu, kifafa, siko-seli: ukiyataja, kinachobadilika ni maandalizi. Mgonjwa sana anaweza kupewa muuguzi wa kusafiri naye. Mwenye siko-seli anahitaji munganga ajue kabla, kwa sababu hewa ndani ya ndege iko nyepesi kama ya juu mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Usipotaja, hakuna atakayejua. Utapanda kama mtu mzima wa afya, na ukianguka hewani wahudumu watakuwa wanabahatisha.

Jambo jingine la kwetu kabisa: saa. Sisi tunahesabu kufuatana na jua. Munganga akisema saa mbili usiku, simu inaandika 20:00 na Wamarekani wanasema nane. Mzee akisikia nane anaelewa saa nane, na hapo dawa inachelewa saa sita. Ongeza kwamba New York iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kulingana na msimu, basi siku ya safari inakuwa ndefu kuliko siku zote alizowahi kuishi. Kwa dawa ya mara moja kwa siku, kijana mmoja katika familia aweke kengele kwenye simu, ihesabu saa 24 tangu kidonge cha mwisho, mpaka wafike na munganga awapangie saa mpya. Kwa insulini, ratiba ya njiani aiandike munganga kabla ya kuondoka, maana chakula cha ndege hakifuati saa zako.

Najua kuna watakaosema: "Wewe unaongea ndege, ndege ziko wapi?" Ni kweli. Tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kuna watu walikuwa na tarehe mkononi, wakarudisha magodoro ndani ya nyumba. Sijasahau. Lakini bado wako wanaofuata familia zao, wako wanafunzi wanaopata nafasi Kanada, wako wanaopokelewa nchi nyingine. Tena ni vizuri tujifunze wakati hatuna haraka. Basi likifika, hakuna anayesikiliza somo.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya ofisi, mafunzo ya kabla ya safari yapo. Yapo, na nayaheshimu. Lakini mtu anapewa siku chache ajifunze mkanda wa ndege, choo cha ndege, sheria za watoto, kodi ya nyumba, baridi, na deni la tiketi. Dawa inapita kama neno moja katikati ya maneno elfu. Na mama mwenye virusi hatainua mkono mbele ya darasa kuuliza swali lake. Ndiyo maana nasema mambo matatu yanatakiwa, na tuyaombe kwa adabu lakini bila kuchoka: barua ya munganga iwe kitu cha kawaida kwa kila mgonjwa wa kudumu anayesafiri, asiibembeleze; maelezo ya dawa yatolewe kwa Kiswahili na lugha zetu nyingine, mtu mmoja mmoja, pembeni; na siku ya basi, kila anayeshika mlango ajue kwamba mfuko wa dawa unapanda pamoja na mtu.

Upande wetu vijana, tusingoje. Katika kila kijiji chetu kuna mtu anayeweza kusoma lebo. Mzee akipata tarehe, nenda kwake kabla ya siku ya kufunga mizigo, umwombe ruhusa, umsaidie kuandika: dawa gani, kipimo gani, saa ngapi, jina lipi. Linganisha majina na karatasi zake. Umsindikize kliniki kuomba barua. Ukiona dawa ambayo hujui kwa nini anaimeza, usiulize mbele ya watu, na ukijua, usiitoe nje. Kijana anayesoma siri ya mzee kisha akaipeleka Base Camp ameharibu kazi ya sisi wote. Baada yake hakuna mzee atakayekubali tena kuonyesha chupa.

Nawaomba kitu kimoja wiki hii. Kila mmoja amuulize mtu mmoja nyumbani kwake, mwenye safari au asiye na safari: dawa yako inaitwaje, na ukiamka usiku ukiambiwa twende, iko wapi? Akishindwa kujibu, kaeni chini muiandike pamoja. Halafu mrudi hapa mtueleze mmekuta nini, bila kutaja majina ya watu.